Jinsi ya Kurekodi Kumbukumbu za Wachumba Kabla ya Harusi, Hapa Mwanza

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo tunatengeneza ile video ya wachumba wakisimulia walikotoka, inayowekwa ukumbini kwenye sendofu au harusi. Kamera kubwa si lazima. Chukua simu inayopiga picha vizuri, stendi ya simu, na maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Kama bajeti imebana, acha stendi, maiki usiache. Picha ikitikisika kidogo wageni watavumilia, lakini sauti isiposikika, kila meza itaanza stori zake.

Hatua ya kwanza, kaa nao bila kurekodi. Waulize walikutana wapi, na jibu la juujuu usilipokee. Wakisema "tulikutana chuoni SAUT," endelea kuchimba: ni darasani, ni kwenye chakula, au ni kwenye daladala ya kushuka mjini? Nani alimsemesha mwenzake kwanza? Alivaa nini?

Kwa watu wa huku, usisahau kuuliza habari za kuvuka maji. Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kuvuka Ziwa Victoria, limefunguliwa Juni 2025, kama kilomita 3 hivi, na sasa gari linakatiza dakika chache tu. Kabla ya hapo, mtu wa Sengerema au Geita mwenye mchumba Mwanza alikuwa anasubiri kivuko, na siku za msongamano alisubiri haswa. Mapenzi mengi yamekulia kwenye foleni ile. Kuna bibi harusi niliyemrekodi, nilipomuuliza alijua lini kwamba huyu ndiye, hakutaja pete wala zawadi. Alisema: "Tulikuwa tunangoja kivuko, akanunua karanga za kwenye karatasi, akawa anazimenya ananiwekea mkononi. Yeye hakula hata moja." Kumbukumbu ya namna hiyo ndiyo unayoitafuta. Ukiipata, nunua karanga, rekodi mikono yao kwa karibu wakimenya. Hiyo klipu itakusaidia sana wakati wa kuhariri.

Hatua ya pili, warekodi mmoja mmoja. Huyu akiongea, mwenzake awe mbali, asisikie. Wape maswali yaleyale matatu: siku ya kwanza mlipoonana, siku mliyogombana mkapatana, na jambo dogo analolifanya mwenzako ambalo hajui kwamba unaliona. La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ukishauliza, nyamaza. Usimkatishe, usimsaidie maneno, hata akikaa kimya ukaona aibu wewe. Mara nyingi neno lenyewe linakuja baada ya kimya hicho.

Hatua ya tatu, mahali na saa. Kama mnarekodi ufukweni, nendeni asubuhi. Kadiri jua linavyopanda, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani, na maiki inajaa kelele. Picha za jioni zipigeni karibu na Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani, jua linapokaribia kuzama, kabla tu ya saa moja. Wasikae jua likiwa mgongoni kwao, nyuso zitatoka nyeusi. Wageuze kidogo upande. Kivuko cha Kamanga kikipiga honi, subiri honi iishe, kisha mwombe anayeongea arudie sentensi. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa hiyo usiirushe hivihivi.

Hatua ya nne, sasa wakalishe pamoja, wape spika, wasikilize majibu ya kila mmoja. Kamera ielekee kwa anayesikiliza. Bwana harusi mtarajiwa anaposikia kwamba mchumba wake alikuwa anaona siku zote anavyompisha upande wa ndani wa barabara, uso wake unabadilika, na hapo huna haja ya kuongeza muziki wa kuliza watu. Usiwaambie wafanye nini. Wakishikana mikono, sawa. Wakicheka tu, sawa pia.

Hatua ya tano, kuhariri. Dakika nne au tano zinatosha. Hapa kuwa na adabu kwa niaba yao: ukumbini watakuwepo wazazi wa pande zote, mashangazi na wazee wa ukoo. Habari za wapenzi wa zamani, za kulala kwa mwenzake kabla ya mahari kupokelewa, zitoe, hata kama zinachekesha. Ugomvi, ubakize ule uliokwisha kabisa. Kisha waoneshe wote wawili video nzima, na kila mmoja awe na haki ya kusema "hapa toa" bila kueleza sababu.

Wakikubali, iweke kwenye flashi mbili, moja ya kamati na moja ya MC. Siku moja kabla ya shughuli nendeni ukumbini mkaijaribu kwenye projekta na spika zao, mtu mmoja asimame meza ya mwisho kabisa aseme kama maneno yanafika.