Bi Bridget Aliyezeeka Miaka 17 Ndani ya Miaka 10

ZUHURA: Tuko hewani. Hapa Unguja mvua imekamata, mkisikia kelele ni bati la jirani. Leo tuliwaahidi hatua tano za kutafuta asili ya mzazi kwenye kumbukumbu za Ireland, na karatasi ninayo hapa. Lakini kwanza Neema, juzi usiku ulinipigia simu unalia.

NEEMA: Nililia, sikatai. Mnamkumbuka mama jirani yangu hapa Cork, Ireland, aliyenifundisha kuoka mkate wa magadi. Alizaliwa 1958 kwenye nyumba ya masista. Mama yake alikuwa na miaka 19, hana mume, na mtoto akachukuliwa akaasiliwa, yaani akapewa wazazi wengine kisheria. Kesi kama hizo Ireland ni nyingi mno, Zuhura. Tume iliyotoa ripoti Januari 2021 ilihesabu watoto 57,000 waliopita kwenye nyumba ilizozichunguza tu.

ZUHURA: Subhanallah.

NEEMA: Na mtu aliyeasiliwa hakuwa na haki ya kukiona cheti chake halisi cha kuzaliwa. Anazeeka na jina alilopewa. Sheria mpya ikapitishwa 2022, na tarehe 3 Oktoba mwaka huo watu wakaanza kuomba. Yeye alisita sana, mwaka huu ndiyo kaomba. Kumbe mama mzazi yuko hai, na ameshaandikisha kwamba hataki kutafutwa.

ZUHURA: Sasa ikawaje? Wakamnyima?

NEEMA: Hawakumnyima. Cheti ni haki yake, lakini kwanza anapigiwa simu, anaelezwa kwamba mama naye ana haki ya faragha yake. Nilikaa naye mezani wakati wa simu ile. Alikuwa anakoroga chai iliyokwisha poa, anajibu "ndiyo, ndiyo, nimeelewa", kijiko kinazunguka tu. Simu ilipokatika akaniuliza, "Neema, nikichemsha maji upya utakunywa?" Hakusema neno lingine.

ZUHURA: Eeh.

NEEMA: Basi cheti kikaja, kina jina la mama yake na kijiji alichotoka. Wiki hii kimefika cha huyo mama mwenyewe, tulikiagiza ofisi ya usajili.

ZUHURA: Kwa nini mkiagize? Si ulisema mtandaoni bure?

NEEMA: Bure kweli, tovuti ya serikali, irishgenealogy.ie. Ila vizazi vinawekwa vikishatimiza miaka 100, ndoa 75, vifo 50. Mama kazaliwa 1939, hayumo. Kwa hiyo unamruka. Cheti chake kinakupa jina la baba yake, na jina la ukoo la mama yake kabla ya kuolewa. Kwa majina hayo mawili unatafuta ndoa ya wazazi wake, ya 1936, nayo imo. Na cheti cha ndoa cha kule kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi na kazi zao, na maharusi wenyewe walikokuwa wakikaa. Kamata kijiji, majina yatakupoteza. Kaunti nzima akina Mary na akina Patrick, na ukoo ni huohuo mmoja.

ZUHURA: Hiyo ndiyo hatua ya kwanza?

NEEMA: Na ya pili. Ya tatu ni sensa. Jumanne usiku tukafungua ya 1911, fomu yenyewe, kwa mwandiko wa mkono. Tukamkuta bibi yake mtoto wa miaka mitatu. Baba mkulima, mama ana safu yake: miaka 14 ya ndoa, watoto waliozaliwa hai 8, walio hai 6. Mama jirani akaweka kidole pale kwenye 6, akakaa. Na fomu nyingine, iliyojazwa na askari aliyekusanya sensa, inaeleza nyumba: madirisha mawili mbele, paa la nyasi. Halafu mwisho wa orodha, mama wa mkulima, mjane, Bridget, miaka 71.

ZUHURA: Ndiyo huyo bibi!

NEEMA: Huyo! Tukarudi sensa ya 1901. Nyumba ileile, Bridget yuleyule. Miaka 54.

ZUHURA: Ngoja. Hamsini na nne, baada ya miaka kumi sabini na moja?

NEEMA: Kazeeka miaka 17 ndani ya miaka 10.

ZUHURA: Pensheni hiyo! Naapa ni pensheni!

NEEMA: Umejuaje?

ZUHURA: Mimi ni mtoto wa Unguja, Neema! Hapa pensheni jamii ilianza Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika 70. Mtaani kwetu mabibi walizeeka wiki ile! Bibi yangu mimi kitambulisho chake kimeandikwa tarehe mosi Januari, kama nusu ya wazee wote wa mtaa. Sheha akamuuliza, Bi Mkubwa, umri wako? Akamwambia, "Siku ya Mapinduzi nilikuwa nimeshaolewa na nina mtoto mgongoni, hesabu mwenyewe."

NEEMA: Basi sikiliza. Ireland pensheni ya wazee ilianza Januari 1909, shilingi tano kwa wiki, umri 70. Na usajili wa vizazi ulianza 1864 tu, wazee wote hawana cheti. Unajua maofisa waliuliza nini? Unakumbuka Usiku wa Upepo Mkubwa? Dhoruba iliyopiga usiku wa tarehe 6 Januari 1839. Ukiukumbuka, una 70.

ZUHURA: Kama sisi na kimbunga cha 1872, kilichong'oa mikarafuu. Hapo kila mzee lazima aukumbuke!

NEEMA: Wote wakaukumbuka!

ZUHURA: Na Bi Bridget?

NEEMA: Tulimtafuta kwenye madaftari ya ubatizo. Maktaba ya Taifa iliyaweka mtandaoni 2015, picha za kurasa, nyingi Kilatini. James anaandikwa Jacobus. Yeye tukampata, Brigida, 1846.

ZUHURA: Kwa hiyo 1911 alikuwa na 65.

NEEMA: Na upepo ulipiga miaka saba kabla hajazaliwa.

ZUHURA: Aliukumbuka hivyohivyo! Bi Mkubwa wangu huyo. Na 1846 si ndiyo ile njaa yao kubwa?

NEEMA: Katikati yake. Mtoto wa njaa ya viazi, akaishi akafika uzeeni. Shilingi tano zile ni haki yake, hata zingekuwa kumi. Mama jirani alicheka mpaka akafuta miwani. Akasema, "Mimi ni kilembwe cha mwizi wa pensheni." Mara ya kwanza namsikia akisema yeye ni wa mtu fulani.

ZUHURA: Hapo na mimi ningelia. Na sensa za kabla ya 1901 mlitazama? Tungejua alipokuwa na miaka 20 alisema ana mingapi.

NEEMA: Hazipo. Zile za 1821 mpaka 1851 karibu zote ziliungua jengo la kumbukumbu la Four Courts, Dublin, Juni 1922, wakati wa vita vyao wenyewe kwa wenyewe. Nyingine serikali ilishaziharibu. Ndiyo maana... dakika ngapi zimebaki?

ZUHURA: Saba, na hatua ya nne hatujaigusa. Umeniambia Jumamosi unampeleka wapi?

NEEMA: Kijijini. Saa mbili kwa gari. Anataka kuiona nyumba. Hatabisha hodi, hatasema na mtu.

ZUHURA: Usimpeleke.

NEEMA: Kuangalia paa kuna kosa gani?

ZUHURA: Shoga yangu, yule mama ana zaidi ya miaka 80. Kaomba kitu kimoja tu duniani, asitafutwe. Pengine watoto wake hawajui. Pengine mumewe kafa hajui. Ile ndiyo sitara yake, kaishona mwenyewe miaka yote hii. Kijiji cha nyumba saba, gari geni linasimama, ndani mna mama wa makamo mwenye uso wa nani? Wa yule bibi! Uso hauhitaji kubisha hodi.

NEEMA: Na huyu aliahidi siri lini? Alikuwa kichanga. Wakubwa waliandikiana, yeye ndiye aliyelipa. Wewe mwenyewe ulinifundisha, katika dini yenu mtoto wa kulea haitwi kwa jina la mlezi, nasaba haifutwi.

ZUHURA: Haifutwi, na ndiyo maana nilifurahi cheti kilipotoka. Kashajua ni nani. Kujua ni jambo moja, kumwendea mtu uani kwake ni jingine.

NEEMA: Barabara ni ya serikali.

ZUHURA: Sheria siyo ninayoisemea, Neema. Yule msichana wa miaka 19 hakuna aliyemuuliza anataka nini. Sasa kaulizwa, kajibu. Na jibu lake tunalipita kwa gari?

NEEMA: Na Bi Bridget? Nyumba ile ni yake pia. Mama jirani anaenda kwa Bi Bridget.

ZUHURA: Usimtumie Bi Bridget kunishinda.

NEEMA: Simtumii. Kaburi lake liko palepale parokiani, daftari linasema. Mtu anaenda kaburi la mkubwa wake, wewe unamzuia?

ZUHURA: Nendeni makaburini. Kijijini msiingie.

NEEMA: Barabara ya makaburi inapita kijijini.

ZUHURA: ...Sikubali.

NEEMA: Nimekusikia. Na mimi nimeshampa neno langu.

ZUHURA: Dakika moja. Wasikilizaji, hatua ya nne na ya tano mtatusamehe, zilihusu madaftari ya kodi ya ardhi ya Griffith na vipimo vya DNA, karatasi naikunja. Neema, Jumamosi saa ngapi?

NEEMA: Tunatoka saa tatu.

ZUHURA: Usishuke garini pale kijijini.

NEEMA: Zuhura...

ZUHURA: Mwambie ajifunge mtandio, na wewe usishuke.