Vumbi la Karatasi Ndani ya Mashine ya Kuua Vijidudu

Ndugu zangu mafundi, waendesha mashine, na nyinyi wanafunzi mnaojiandaa kuingia viwandani, nawashukuru kwa kufika. Leo nitazungumzia vumbi peke yake. Viwandani tunalikabidhi kwa mtu wa usafi, ilhali ni kazi ya fundi.

Pakiti ya maziwa ya muda mrefu, ile inayokaa dukani bila friji, mnaijua. Karibu robo tatu ya uzito wake ni karatasi ngumu. Kinachobaki ni polithini na utando wa alumini wa mikroni chache tu, yaani elfu chache za milimita. Maziwa yenyewe hupashwa moto wa nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde kadhaa. Lakini maziwa yasiyo na kijidudu yakimiminwa kwenye karatasi yenye vijidudu, kazi yote imepotea. Ndiyo maana tangu mwaka 1961, Tetra Pak ya Uswidi ilipoleta mashine yake ya kwanza ya aina hii, karatasi nayo imekuwa ikiuliwa vijidudu kabla ya kukunjwa.

Njia iliyoenea ni haidrojeni peroksaidi. Karatasi hupita kwenye bafu la dawa ya asilimia 35 hivi, yenye joto la nyuzi 70 au zaidi, rola zikaikamua, kisha hewa safi ya moto ikaikausha. Njia mpya zaidi ni miale ya elektroni. Zote mbili zina adui mmoja: vumbi la karatasi.

Vumbi hilo huzaliwa kwenye kisu. Karatasi hutengenezwa ikiwa roli pana sana, halafu hukatwa kuwa roli nyembamba. Kisu kikali hukata. Kisu butu huchana. Vipande viwili ninavyovipitisha kwenu vimekatwa kutoka roli moja, kimoja kwa kisu kipya, kingine kwa kisu kilichochoka. Viinueni mbele ya taa mtazame ukingo. Cha kwanza kimenyooka. Cha pili kina nywele nyeupe, na mkipitisha kidole zinabaki kidoleni. Nywele hizo ndizo zitakazoingia kwenye mashine, mita baada ya mita.

Halafu kuna umeme tuli. Roli ikifunguliwa kwa kasi, uso wa polithini hubanduka kutoka kwenye tabaka la chini yake na kubaki na chaji, kisha unavuta kila chembe iliyo karibu. Hewa kavu huzidisha tatizo, kwa hiyo fundi wa Arusha au Nairobi mwezi wa Januari ana kazi kubwa kuliko mwenzake wa Tanga au Mombasa.

Sasa madhara. Spora ya bakteria, yaani kijidudu kilichojifunga ndani ya ganda gumu, ikiwa chini ya chembe ya vumbi ni kama mtu aliyejikinga mvua chini ya mwavuli. Elektroni za nishati ndogo zinazotumika kwenye karatasi hupenya takriban sehemu ya kumi ya milimita tu, kwa hiyo chembe nene inatosha kuzizuia. Tena elektroni hizo hutokea ndani ya chombo kisicho na hewa na kupita kwenye dirisha la titaniamu jembamba mno. Vumbi likitua hapo, linameza nishati na kupata moto. Dirisha likitoboka, hewa inaingia na chombo kizima kimekufa.

Kwenye bafu la peroksaidi uharibifu ni wa polepole. Chembe zenye chuma au shaba huivunja dawa kuwa maji na oksijeni, nguvu ikashuka. Na si kila ungaunga mtakaouona unatoka kwenye karatasi: dawa yenyewe ina viungo vya kuituliza, na inapogeuka mvuke viungo hivyo hubaki kama gamba jeupe kwenye hita na matundu. Hilo halifyonzwi, huoshwa kwa ratiba ya sevisi.

Tufanye nini? La kwanza ni kuacha kupuliza kwa hewa ya kompresa. Najua ni haraka na mashine huonekana safi papo hapo. Lakini vumbi halijatoka, limehamia juu ya mabomba na ndani ya nafasi zisizofikika, na hewa hiyo mara nyingi hubeba mafuta na unyevu. Fyonzeni.

Paleti za mbao na makasha yaishie chumba cha nje. Plastiki ya roli ivuliwe huko, na mizunguko ya juu ya karatasi itupwe. Kabla ya karatasi kuingia kwenye bafu au mbele ya dirisha, iwekwe fimbo ya ayoni ya kuondoa chaji, kisha mdomo wa kufyonza pande zote mbili. Mpangilio huo usigeuzwe, kwa sababu kufyonza karatasi ambayo bado ina chaji ni kuvutana na umeme.

Wengi hutegemea chujio la hewa linalokamata asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Ni chombo kizuri sana, lakini kinasafisha hewa tu. Vumbi lililopanda juu ya karatasi linaingia kwa mlango wake lenyewe.

Nawaomba pia mpime uzito wa vumbi kwenye mfuko wa kufyonzea kila sevisi, na muandike mita za karatasi zilizopita. Uzito ukipanda ilhali mita ni zilezile, chunguzeni ukingo wa roli kwanza. Nimeona mfanyakazi wa usafi wa zamu ya usiku akilaumiwa kwa vumbi lililozalishwa na kisu ambacho hajawahi kukiona. Hilo linaniuma. Anayefunga roli kwenye mashine apewe mamlaka ya kuikataa, na kipande cha ukingo wake kitumwe kwa aliyeikata pamoja na namba ya roli. Maswali sasa, tafadhali.