Maharage ya Kabatini

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Haya makopo mawili mezani nimekuja nayo kwa bodaboda. Moja limemwaga udongo njiani, mniwie radhi. Yote nilipanda maharage siku moja, kwa udongo ule ule wa bustani. Hili lilikaa dirishani. Hili nililifungia kabatini, nikawa namwagilia usiku. Leo ni siku ya 12. Kabla rula haijatoka: mmea upi mrefu?

Wengi mnasema wa dirishani. Mwalimu hapo mbele, hebu tusaidie. Wa dirishani sentimita 13. Wa kabatini… 22.

Watoto wangu wa darasa la nne waliguna hivyo hivyo, kisha mmoja akasema, "Mwalimu, basi bustani tuihamishie kabatini!" Sikumsahihisha. Rula haikumdanganya. Niliwauliza tu tupime nini kingine. Wakapima upana wa jani, wakazungusha uzi kwenye shina. Hapo mmea wa gizani ukaumbuka: shina jembamba, rangi ya njano, majani hayazidi ukucha. Ulikuwa unatapanya akiba ya kwenye mbegu ukihangaika kuufikia mwanga. Kurefuka ni jambo moja, kukua ni jingine. Ningeanza na sentensi hiyo ubaoni, wangeinakili na kuisahau kabla ya uji wa saa nne.

Mahindi ndiyo yaliyotutoa jasho. Tulipima kila Ijumaa. Wiki ya tatu mche mmoja "ukapungua" sentimita 2. Mwenye mche akashika futio haraka, akaandika namba kubwa zaidi. Nikamwambia airudishe ile ya kwanza, tukatoka wote kwenda kuangalia. Kumbe baada ya palizi alikuwa ameupandishia udongo shinani! Tangu siku hiyo kila mche una kijiti chake pembeni chenye alama ya kuanzia, na udongo ukipanda, alama haihami.

Halafu, juu ni wapi? Jani la mahindi linajikunja. Kuna waliopima kwenye mkunjo, kuna waliolivuta jani likasimama wima. Waligombana kipindi kizima, nami nikawaacha. Wakakubaliana kulivuta.

Mkaguzi mmoja aliyepita darasani aliona ile namba iliyorudi nyuma, akaandika "kazi haina usafi". Kwangu mimi ndiyo mistari bora ya daftari zima.

Hata wakubwa wa sayansi walipitia huku. Jan Baptist van Helmont wa Brussels alipanda mti kwenye chombo chenye udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akaumwagilia miaka 5. Mti wa kilo 2 na ushei ukapita kilo 70. Udongo ukapungua kama gramu 60 tu. Akasema basi mti wote ni maji. Maelezo yake yalichapishwa 1648, akiwa ameshafariki. Alipima vizuri, ila hewa, ambayo mti nao hujijengea mwili, hakuiwekea hesabu. Na ajabu ni kwamba neno "gesi" alilibuni yeye!

Sasa twende bustanini. Mbegu ziko mlangoni, kumi kumi kila mmoja. Na rula zile za mbao zilizolika mwisho msiziache: sifuri ikiwa imeshakwenda, tutaanzia kwenye 1, halafu tutatoa hiyo 1 kwenye jibu.