Sauti Inavyochanganya Mafuta na Maji

Mabibi na mabwana, karibuni. Ultrasaundi, yaani sauti ya juu mno kwa sikio, wengi wetu tunaijua ya kliniki, ile ya mama mjamzito. Ya leo haipigi picha. Inatetema mara 20,000 kwa sekunde, na nguvu yake yote inaishia kwenye ncha ya fimbo hii ya titani.

Tazameni bika, chombo hiki cha maabara. Chini maji, juu mafuta ya alizeti. Ncha naiweka pale yanapokutana. Nikiizamisha mno, mafuta mengi yatabaki yakielea tu. Nawasha. Huo mkwaruzo mnaousikia ni viputo.

Mwaka 1927, wanafizikia Wood na Loomis wa Marekani walieleza jinsi sauti ya namna hii inavyochanganya mafuta na maji. Jinsi yanavyochanika ilikuja kufafanuliwa baadaye. Kwanza uso wa mafuta unaingia mawimbi, yanarusha matone makubwa ndani ya maji. Kisha viputo vinazaliwa, vinavimba, vinabomoka ghafla, ndani yake joto likifika maelfu ya nyuzi kwa kitambo kisichofika hata sehemu ya milioni ya sekunde. Tone lililo jirani halina pa kukimbilia: linachanwa vipande. Matone yakishuka chini ya nanomita 100 hivi (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), hata ule weupe wa mchanganyiko, kama wa maziwa, unafifia na nuru inaanza kupita.

Sasa nizime. Bika hili halina kitu kingine, kwa hiyo matone yatakutana, yataungana, na mafuta yatapanda juu tena. Anayeyashikilia ni lesithini, ya soya au ya kiini cha yai: upande mmoja wa molekuli yake unapenda maji, wa pili unapenda mafuta, basi inajipanga kulizunguka tone. Nashangaa watu wanaonunua mashine ya bei mbaya halafu wanabania lesithini! Sauti inakata, kushikilia si kazi yake.

Na msidhani kuwasha muda mrefu ndiyo dawa. Lesithini ikiwa haitoshi, matone mapya yanaungana haraka kama yanavyochanwa. Bika linachemka, ncha inalika na kuacha vumbi la titani, na mafuta ya alizeti yanaanza kunuka chuma na kuchacha. Kwa chakula, basi, washa sekunde chache, zima chache, bika likiwa kwenye barafu, na uonje kabla ya kuendelea.

Haya, maswali. Dada pale nyuma, anza wewe.