Kariakoo Ilichanganywa na Ukumbi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, karibuni.

Watu wakiisifu Kariakoo husema hapa hapana ukabila, utadhani waliohamia huku walizaliwa na roho nyingine. Mimi sikubali. Mtaa huu ulichorwa ili kutenga watu. Wajerumani ndio waliopima hizi barabara zilizonyooka, wakitaka Waafrika wakae upande wao. Vita vikaingilia, wapagazi wa jeshi la Waingereza wakapigishwa kambi hapa (Carrier Corps, ndiko lilikotoka jina Kariakoo). Waingereza nao wakaendeleza yaleyale, ila kwa ujanja zaidi: sheria yao ya ujenzi ilitaja aina ya nyumba, rangi ya mtu wakaiacha ijulikane yenyewe. Nyumba za Kizungu Oysterbay, maduka ya mawe Uhindini, udongo na makuti Kariakoo. Katikati wakaacha uwazi wa Mnazi Mmoja. Leo tunakwenda pale kupunga upepo, lakini ule ulikuwa mpaka.

Waliosukumwa upande huu walikuwa Wazaramo, wenyeji wa pwani hii. Wamanyema wenye asili ya Kongo. Wazao wa askari wa jeshi la Wajerumani waliotoka Sudani, na wa wale walioitwa Wazulu waliotoka Msumbiji. Wanyamwezi, Wangazija, na Washihiri, Waarabu wa Yemeni, wenye vijiduka vya pembeni.

Kilichowachanganya ni nyumba. Nyumba ya Kiswahili mnaifahamu: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma, choo kimoja. Mwenye nyumba Mmanyema, chumba cha kwanza Mzaramo, cha pili Mpogoro, cha tatu kuli wa bandarini aliyetoka bara juzi. Swali lilikuwa kodi ya mwezi. Uani majiko yamepangwa, dagaa wa huyu ananukia kwenye chai ya yule. Na magomvi hayakukosekana: nani hakufagia zamu yake, nani kamaliza maji ya pipa. Ugomvi wa choo hausubiri mkalimani; wanawake wa makabila manne walitukanana kwa Kiswahili safi, na jioni wakaazimana chumvi.

Hata misiba iliingia humo. Mnyamwezi akifa, mtani wake Mzaramo anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chake, na waliokuwa wakilia wanacheka. Utani huo ni wa zamani, lakini uani mtani alikuwa mlango wa pili.

Ndiyo maana sishangai kwamba TANU ilizaliwa hapa, New Street, ambayo leo ni Lumumba, Julai 7, 1954. Chama cha kukusanya makabila kilikuta watu wamekwisha kukusanyika, wanadaiana kodi.

Sasa ukumbi umebomolewa. Ghorofa baada ya ghorofa ni fremu, yaani vyumba vya maduka, na stoo, na fleti chache zilizopo kuli haziwezi. Kijana akitaka fremu anaanza na dalali, kisha kilemba, ile pesa ya kupewa nafasi, kabla hata ya kodi. Wateja wa jumla wanatoka Lubumbashi, Zambia, Komoro; Wachina wamefungua maduka; Mtaa wa Kongo machinga wametandika hadi barabarani. Ukihesabu makabila na mataifa, huenda tumewazidi wazee wetu. Lakini giza likiingia kila mtu anagombania usafiri wa Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto.

Mtu unayemjua kwa bei yake tu, fitina juu yake unaimeza upesi. Mwaka 2025 serikali ilipowakataza wageni biashara 15, rejareja ikiwamo, wafanyabiashara wadogo walikuwa na hoja nzito, nami nawaunga mkono: mtaji hauko sawa. Ila kwenye foleni za chai nilisikia pia kejeli za macho ya watu na vyakula vyao. Hiyo si hoja ya biashara, na uani mama mwenye nyumba angeikata palepale.

Kwa hiyo ombi langu kwa jiji ni dogo. Ramani ya ghorofa jingine ikiletwa mezani, kabla ya kuhesabu fremu, waulize ni vyumba vingapi vya kulala, na mwenye mshahara wa kuli atalipa ngapi.

Nipo tayari kwa maswali.