Dokta wa kwenye sizoni na dokta wa wodini

Salum: Haya jamani, habari za popote mlipo, karibuni tena kwenye kipindi, mimi ni Salum na pembeni yangu yupo dada Neema ambaye leo katoka zamu ya usiku wodini na kaja studio moja kwa moja, kwahiyo tumpe heshima yake.

Neema: Ahsante kaka, nimeshaoga nimekunywa chai, niko sawa kabisa. Na hii mada nimeisubiri sana.

Salum: Mada ni madaktari wa kutungwa, wa kwenye vitabu, muvi, sizoni, wale ambao ukishawaona hawatoki kichwani. Naanza na wangu, Gregory House. Nimeangalia House yote, 2004 mpaka 2012, sizoni nane, episodi 177, zile DVD tulikuwa tunaazimana mtaani mpaka zinakwaruzika, unafika patamu picha inaganda.

Neema: Ulimpenda kwa nini hasa?

Salum: Akili. Yaani wagonjwa ambao kila mtu kashindwa anaandika dalili kwenye ubao mweupe, anabishana na timu yake, mwisho anapata. Anachechemea na fimbo, anameza vidonge vya maumivu kama karanga, hana adabu kwa mtu yeyote, lakini anapata.

Neema: Unaikumbuka episodi ya kwanza?

Salum: Mwalimu wa chekechea! Yuko mbele ya watoto, ghafla maneno yanatoka ovyo ovyo, anaanguka.

Neema: Enhe, ile mimi naipenda kuliko zote na nitakwambia kwa nini. Yule dada wanamtibu hiki wanamtibu kile anazidi kuharibika, macho yanapotea, mwisho House anasema huyu ana tegu, ule mnyoo, kwenye ubongo. Tegu wa nguruwe, Salum! Huo ugonjwa kwa Wamarekani wanaoangalia ni maajabu, lakini kwetu huku upo, kwenye maeneo ya wafugaji wa nguruwe Tanzania unakuta watu wana kifafa na jamii inasema kalogwa, kumbe ni malengelenge, yaani vifuko vya watoto wa tegu, kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema sehemu zenye huo ugonjwa, karibu asilimia 30 ya kifafa inatokana na hao tegu. Na dawa anayopewa yule mwalimu ni albendazole, ile ile wanayopewa watoto wetu shuleni ya minyoo.

Salum: Aisee hiyo sikuiunganisha kabisa.

Neema: Alafu kuna kitu watu wanakichanganya nikiseme hapa hapa. Ukila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye malengelenge unapata mnyoo wa tumboni. Ila yale ya kwenye ubongo yanatokana na kumeza mayai ya tegu, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo, inaweza kuwa ni wewe mwenyewe au aliyekupikia. Maana yake hata mtu asiyegusa kitimoto maishani anaweza kuupata, choo na kunawa mikono ndo mpango mzima.

Salum: Sawa, lakini ulisema unaipenda kwa sababu fulani.

Neema: Kwa sababu yule mgonjwa anakataa dawa. Kachoka, wameshakosea mara ngapi, anasema niacheni nirudi nyumbani nikafe. Na House muda wote huo hajawahi kumuona, yaani anamtibu kupitia ubao, falsafa yake ni kwamba kazi ya daktari ni magonjwa, wagonjwa wenyewe wanasumbua tu na wanadanganya. Sasa siku hiyo inabidi aingie chumbani kwake, akae, na yule dada anamuuliza mbona wewe unajificha ofisini hutaki watu wakuone. Akili yote ile ilikuwa haina faida mpaka mtu aingie chumbani. Na hata hivyo hakumshawishi, kilichomshawishi ni kijana mmoja wa timu yake, Chase, alikuja na wazo wapige picha ya eksirei ya paja, wakampelekea akamuona mnyoo kwa macho yake mwenyewe ndo akakubali kumeza vidonge.

Salum: Ila si unajua House ni Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabuni? Waandishi wenyewe hawakuficha, House na Holmes, rafiki yake Wilson ni Watson, yule daktari rafiki wa Holmes, na nyumba anayokaa ni namba 221B kama ile ya Baker Street.

Neema: Najua, na hapo ndo pana stori ninayoipenda. Arthur Conan Doyle aliyemtunga Holmes alikuwa daktari, kasomea Edinburgh, na mwalimu wake alikuwa mtu wa kweli anaitwa Joseph Bell, Doyle alikuwa karani wake kliniki, anamuingizia wagonjwa. Siku moja anaingia mgonjwa kavaa nguo za kiraia, Bell anamuangalia tu, anamwambia wewe ulikuwa jeshini, ndio bwana, hujatoka muda mrefu, ndio bwana, jeshi la Waskoti wa milimani, ndio bwana, ulikuwa na cheo kidogo, ndio, na mlikuwa Barbados, kisiwa cha Karibi. Jamaa anabaki anashangaa, ndio bwana.

Salum: Kajuaje?

Neema: Bell akawageukia wanafunzi akawaeleza. Mtu huyu ana heshima lakini hakuvua kofia, jeshini hawavui, angekuwa katoka siku nyingi angeshajifunza tabia za uraiani. Ana sura ya mtu aliyezoea kuamuru. Mskoti anaonekana. Na Barbados, kwa sababu anaumwa matende, na matende hayapatikani Uingereza, yapo visiwa vile.

Salum: Matende! Haya ya kwetu ya mwambao?

Neema: Haya haya, ambayo bibi zetu Pwani na Tanga wanayajua bila kitabu. Sasa angalia hiyo safari. Daktari wa kweli anayemtazama mgonjwa kuanzia kofia mpaka miguu, mwanafunzi wake anamgeuza kuwa mpelelezi, zaidi ya miaka mia baadaye Marekani wanamrudisha yule mpelelezi hospitali, awe daktari tena, lakini njiani kitu kimedondoka. Bell kila alichokijua alikijua kwa kumuangalia mtu usoni. House anakaa ofisini anarusha mpira ukutani.

Salum: Umenigusa pabaya, House ni mtu wangu.

Neema: Simchukii, Hugh Laurie aliigiza vizuri sana, na baba yake mwenyewe alikuwa daktari, kwahiyo anajua anachofanya. Nasema tu nikiumwa mimi, niletee Watson.

Salum: Watson? Kwenye muvi nyingi za zamani si wamemfanya mzee fulani mzito mzito wa kushangaa shangaa.

Neema: Muvi zimemuonea! Soma kitabu cha kwanza kabisa, cha 1887. Watson ni daktari wa jeshi, kapigwa risasi ya bega kwenye vita vya Maiwand, Afghanistan, 1880, kabla hajapona akapata homa ya matumbo hospitali ya Peshawar, kakonda, anarudi London hana ndugu, hela inaisha, anatafuta mtu wa kuchangia naye kodi. Huyo ni mtu aliyewahi kuwa mgonjwa, anajua dari la wodi linavyokuwa ukiliangalia wiki nzima. Na tunamjua Holmes kwa sababu Watson alikaa akaandika. Bila daktari kuandika hakuna stori.

Salum: Hapo sasa nataka niseme la kwangu kidogo kama hutojali. Mama yangu miaka kadhaa nyuma alikuwa anakohoa, miezi inaenda, tunampeleka hospitali moja, sitaitaja, dokta anaandika huku kainama, kikohozi muda gani, antibayotiki, nenda, hamtazami. Tukarudi mara tatu. Baadaye tukapata dokta mwingine, dada mdogo tu, kaweka kalamu chini, akamwambia mama shikamoo, akamuuliza, mama usiku unalalia mito mingapi?

Neema: Eeeh.

Salum: Mama akasema mmoja zamani, siku hizi mitatu, na juzi nililala nimekaa kwenye kochi. Sisi watoto wake tunaishi nyumba moja hatukujua! Mama anahama kitandani usiku anaenda kukaa sebuleni na hasemi. Yule dokta akamwambia tukaangalie moyo. Na ilikuwa moyo, maji yanajaa kwenye mapafu akilala chali. Mpaka leo mama yupo, anatumia dawa zake, na mimi nikisikia mtu anasema dokta bora namkumbuka yule na swali la mito.

Neema: Lile swali liko kwenye vitabu vyetu vyote, kila mwanafunzi anafundishwa. Kinachopotea ni muda wa kuliuliza, foleni ina watu themanini nje, siwatetei waliomtibu mama vibaya lakini najua foleni ile inavyomfanya mtu.

Salum: Haya, twende kwenye ER, ile sizoni ya emajensi, kabla hatujalia. 1994 mpaka 2009, Chicago, na aliyeitunga, Michael Crichton, naye kasomea udaktari, Harvard. Mimi nilimpenda Benton, yule daktari wa upasuaji, mweusi, mkali, hacheki, halafu mwanawe anagundulika hasikii, unamuona jinsi mtu mgumu anavyojifunza kuongea upya kwa mikono.

Neema: Na Carter, yule daktari kijana, wanampeleka Kongo, mwisho wa sizoni ya tisa, episodi yenyewe inaitwa Kisangani. Nilikaa vizuri siku hiyo, Kisangani wanaongea Kiswahili na Kilingala, nikasema leo tuone. Kilichonigusa ni pale unapoona daktari kutoka hospitali yenye kila mashine anasimama mbele ya mtoto na hana hata dawa ya kawaida, na kuna watu wa pale pale wanaofanya hivyo kila siku bila kamera.

Salum: Alafu watu wengi wanachanganya, yule daktari Mskoti wa Idi Amin kwenye muvi ya 2006, The Last King of Scotland, Garrigan, hakuwepo, ni wa kutungwa, alitoka kwenye riwaya ya 1998. Nimebishana na watu Kampala kuhusu hilo.

Neema: Na mwigizaji wa Carter huyo huyo, Noah Wyle, karudi 2025 kwenye sizoni nyingine, The Pitt, sasa ni mtu mzima, Dokta Robby, bosi wa emajensi Pittsburgh. Zamu moja, masaa 15, kila episodi ni saa moja. Naomba kila mtu mwenye ndugu nesi aangalie. Kuna sista Dana, nesi kiongozi, anatoka nje kupumua kidogo, mgonjwa aliyekasirikia foleni anampiga ngumi ya uso. Nilisimamisha simu nikakaa kimya. Na Robby, baada ya watu wengi kuletwa na risasi, anaingia kile chumba cha watoto chenye michoro ya wanyama ukutani, siku hiyo wamekifanya cha kuhifadhia maiti, na ndo chumba ambacho mwalimu wake alikufa kipindi cha Covid. Anakaa chini sakafuni, hawezi kuinuka. Sijawahi kuona sizoni ikaonyesha hivyo, kwa kawaida dokta wa sizoni akiumia anakunywa pombe au anapata mpenzi.

Salum: Ukisema Covid namkumbuka Dokta Rieux. Riwaya ya Albert Camus ya tauni, 1947, mji wa Oran, Algeria. Niliisoma 2020 tukiwa hatujui kesho. Inaanza daktari anatoka chumba chake cha kazi asubuhi ya tarehe 16 Aprili anakanyaga panya aliyekufa ngazini. Anamwambia mlinzi wa jengo, mlinzi anakasirika kabisa, humu hamna panya, vijana wahuni wameleta. Na yule mlinzi ndo wa kwanza kufa.

Neema: Kila mlipuko una huyo mlinzi.

Salum: Rieux hana dawa ya kuponya. Mke wake kaenda kutibiwa mbali kabla mji haujafungwa, hawaonani tena. Yeye kazi yake ni kufungua majipu, kuandikisha, kuwatenga watu na familia zao huku wakimlaani. Kuna mtoto wa hakimu, wanamjaribu na seramu mpya, dawa ya sindano, haifanyi kazi, inamuongezea tu masaa ya kuteseka, na watu wazima wamesimama kuzunguka kitanda usiku kucha. Nilifunga kitabu siku mbili. Alafu mwishoni ndo unaambiwa, huyu aliyekuwa anakusimulia muda wote bila kujitaja ni Rieux mwenyewe. Kaandika ili wale waliokufa wasipotee.

Neema: Si unaona? Watson kaandika, Rieux kaandika.

Salum: Na wewe je, wodini?

Neema: Sisi tuna kitabu cha ripoti, unakabidhi zamu, nani kaingia, nani kabadilishiwa dripu, nani katutoka. Nilipoanza kazi niliambiwa andika namba ya kitanda inatosha, kitanda cha sita amefariki saa tisa na dakika kumi usiku. Nikafanya hivyo mwaka wa kwanza. Siku hizi naandika jina lote, la kwake, la baba na la babu kama lipo kwenye faili, na nikiweza naandika aliyekuwa amekaa naye. Jana usiku nimeandika moja. Binti yake alikuwepo, alikuwa kamshika mkono.

Salum: Pole sana dada.

Neema: Ahsante.