Usafi wa mafaili kwa skripti: onyesha kwanza, futa baadae

Jamani sogeeni mbele kidogo, skrini muione vizuri. Leo ni usafi wa mafaili kwa skripti, yaani faili lenye komandi zinazojiendesha zenyewe, na kazi karibu yote inafanywa na komandi moja inaitwa find, ipo tayari kwenye Linux na Mac, hamna cha kuinstoli.

Angalieni naandika kwenye terminal, lile dirisha la kuandikia komandi: find ~/Downloads -type f -mtime +30 -print. Yaani ingia folda ya daunlodi, nitafutie mafaili tu sio mafolda, yale hayajabadilishwa zaidi ya siku 30, halafu nionyeshe. Nionyeshe tu! Hapo hakijafutwa kitu. Orodha ikija isome yote, maana unaweza kukuta cheti chako kimekaa katikati ya takataka za zamani na skripti haijui kipi unakihitaji, yenyewe inajua tarehe basi.

Ukisharidhika ndo unatoa -print unaweka -delete, na hapa naombeni mnisikilize sana: find inasoma masharti kuanzia kushoto kwenda kulia, kwa hiyo -delete lazima ikae mwisho. Ukiitanguliza kabla ya -mtime inafuta mafaili yote humo ndani, mapya kwa ya zamani, haijauliza hata lina siku ngapi, tena hayapiti kwenye kapu la taka, ndo yameenda hivyo.

Mi kwa anayeanza nasema aachane na -delete kwanza. Tumia mv -n, mv ni komandi ya kuhamisha, uyahamishie kwenye folda ya kusubiria, hiyo -n inazuia faili lisifunike lingine lenye jina lilelile. Na kwenye skripti jina liwe ndani ya alama za nukuu, "$faili", hiyo $faili inashika jina la faili linaloshughulikiwa, bila hivyo ripoti ya mwisho.pdf inasomwa kama mafaili matatu tofauti.

Eeh, dada ameuliza inajiendesha vipi yenyewe. Kuna cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, unaandika crontab -e kufungua ratiba yako, halafu humo unaweka 0 2 * * 0 na njia ya skripti yako, hiyo ni kila Jumapili saa nane usiku, maana cron inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Malizia na >> usafi.log, faili la kumbukumbu, ili kila kilichohamishwa kiandikwe, ila skripti yenyewe lazima iwe inataja jina la faili, mv -v inafanya hivyo. Na kama laptopu huwa unaizima usiku cron hairudii zamu iliyoipita, kwenye Linux tumia anacron, hiyo inafidia ukiiwasha.